Fundi wa kinanda cha mabomba aliyekuja Jinja, Uganda: nampa nyota nne, ya tano bado naishika

Naanza kwa kukiri. Mimi ndo niliyesimama kwenye mkutano wa kanisa nikasema tuachane na hilo dude tununue kibodi. Tena nilikuwa na picha kwenye simu, na bei, na spika zake mbili. Kinanda chetu kilikuwa kimefika mahali ukiwasha mota tu kinalia chenyewe kabla hujagusa kitu, noti moja ya juu hivi, fiiiiii, kama birika limesahaulika jikoni, na Reverendi akianza sala ya kutubu ile noti inatubu naye mpaka amina. Watu walishazoea. Askari wa getini akisikia ile fiii alikuwa anajua ibada imeanza, anafunga geti dogo.

Sasa hii ni rivyu ya fundi aliyekitengeneza. Jina lake siliweki hapa, anayemtaka aniulize pembeni nitampa namba kwa ruhusa yake. Ni mtu wa Kenya, mzee wa makamo, anazunguka Afrika Mashariki na begi la ngozi na masanduku mawili ya mbao, na kazi yake ni hiyo tu, vinanda vya mabomba. Hafanyi piano, hafanyi gita, ukimwonyesha spika mbovu anakuangalia kama umemtukana.

Kwa wasiojua hivi vitu, maana najua wengi mkisikia kinanda mnafikiria kibodi ya kwaya ya vijana. Kinanda cha mabomba ni mashine ya upepo. Kuna mvukuto mkubwa chini, kama ule wa mhunzi ila huu wetu ni mpana kama kitanda, unajazwa hewa, hewa inaingia kwenye sanduku la upepo, na juu ya sanduku yamesimama mabomba, kila bomba na noti yake moja tu. Ukibonyeza kitufe, kijiti chembamba cha mbao kinavuta kijiti kingine mpaka kinafungua kamlango kadogo chini ya bomba, hewa inapanda, bomba linalia. Na ukivuta kile kishikio cha pembeni, tunaita stopu, ubao mrefu wenye matundu unateleza ndani na kufungulia safu nzima ya mabomba ya aina moja. Hakuna spika, hakuna waya kwenye sauti, ni mbao, ngozi na hewa basi. Chetu kina stopu 8, saba za mikono zenye mabomba 56 kila moja na moja ya miguu yenye 30, jumla mabomba 422. Nimeyahesabu mwenyewe, nitawaambia ilikuwaje nikayahesabu.

Yule fundi alikuja mara ya kwanza kuangalia tu, akatutoza hela ya kuangalia. Hapo baraza la kanisa likanuna. Hela ya kuangalia jamani? Si hata kwa daktari unalipa ukishapewa dawa? Alikaa siku mbili, akaomba ngazi, tochi na ufagio, hakutengeneza chochote. Wazee wakaanza kuniangalia mimi, eti kibodi yako ilikuwa bei gani vile.

Jioni ya siku ya pili akaniita. Mimi ni mwalimu wa kwaya kwahiyo ananiita mwalimu. "Mwalimu, njoo nikuonyeshe mgonjwa wako." Tukaingia ndani ya kinanda, ndio, kuna kamlango nyuma mtu anaingia, miaka yote kumi na moja nimepigia pale sijawahi kuingia. Akamulika mvukuto. Juu yake kulikuwa na vyuma vya uzito vya zamani vya kiwandani, na pembeni ya vyuma matofali sita. Matofali ya kuchoma ya kawaida, yale tunayojengea. "Nani aliweka haya?" Hakuna anayejua. Akatoa kamrija ka plastiki kalikopindwa kama herufi U kana maji ya rangi ndani, kanafungwa kwenye kipande cha mbao chenye rula, akachomeka upande mmoja kwenye tundu la bomba. Maji yakasukumwa, akasoma, milimita 90. Akaniambia toa tofali moja. Nikatoa. Maji yakashuka kidogo, kama milimita mbili hivi. Toa lingine. Nilipotoa la sita tulikuwa kwenye 76, ambayo ni inchi tatu za Waingereza waliokitengeneza, na akasema hiyo ndo pumzi mabomba haya yalizaliwa nayo. Kumbe miaka yote tulikuwa tunayapulizia kwa nguvu yasiyoitaka, ndo maana sauti ya juu ilikuwa inapiga kelele na noti zinapanda kuliko inavyotakiwa. Mtu aliona kinanda hakisikiki vizuri akaongeza tofali. Mwingine akaja akaongeza lingine. Hiyo ndo historia ya matengenezo yetu yote kwa ufupi.

Kisha ile fiii. Hii naipenda. Mimi nilidhani ni kitufe kibovu. Kumbe ni magonjwa mawili yamekutana. Moja, nyigu, wale wanaojenga vijumba vya udongo, alijenga kwenye nafasi ya kijiti kimoja, kijiti kikabaki kimevutwa na kale kamlango ka hewa kakawa wazi moja kwa moja. Lakini hiyo peke yake isingelia kama stopu zote zimefungwa. Ugonjwa wa pili, ule ubao wa kuteleza wa stopu ndogo kabisa ulikuwa umevimba kwa unyevu, sisi tuko ziwani hapa, umekwama nusu wazi nusu imefungwa. Mlango wazi, ubao wazi, fiiiii. Alikitoa kile kijumba cha nyigu kwa kisu cha mezani, kizima, akanikabidhi kama zawadi. Kiko kwenye dirisha langu mpaka leo.

Zaidi ya hapo kulikuwa na panya waliotafuna ngozi kwenye mikunjo ya mvukuto, na kinyesi cha popo juu ya mabomba ya mbao ya nyuma, nyingi sana sitaki kueleza. Na kulikuwa na silikoni. Hii ilimuuma kuliko popo. Kabla yake kuna mtu tulimleta, fundi wa mambo mengi, simtaji, alituambia mvukuto unavuja akaupaka silikoni ya madirisha pande zote na juu yake selotepu ile ya kijivu. Ilishika miezi minne. Fundi wetu akakaa chini akaanza kuikwangua na kucha huku anaongea peke yake. Baadaye nikamuuliza ubaya wa silikoni ni nini, si inazuia maji na hewa pia? Akasema gundi ya hapa ni ya kuchemsha, inayotoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe, ukitaka kuibandua miaka hamsini ijayo unaweka joto na maji kidogo inaachia, ngozi ya zamani inatoka, mbao inabaki safi. Silikoni ikishaingia kwenye mbao hakuna gundi nyingine itakayoshika juu yake, lazima ukwangue mbao yenyewe. "Mimi natengenezea fundi ambaye hajazaliwa," ndivyo alivyosema, na mimi nikaona ni maneno ya kuuza bei. Nilikuwa bado mtu wa kibodi.

Sasa sehemu iliyoleta ugomvi, na ndo hasa ninayotaka msome kama mnafikiria kumwita.

Baraza liliandika orodha ya mahitaji. Walitaka kipakwe rangi ya dhahabu mabomba ya mbele. Walitaka sauti iongezeke, sababu kanisa la jirani lina spika mpaka barabarani. Walitaka aongeze stopu ya tarumbeta ya umeme. Na mmoja, sitamtaja lakini anajijua, alitaka vitufe vya zamani vyenye rangi ya njano vitolewe viwekwe plastiki nyeupe, vinaonekana vichafu. Fundi akasoma orodha yote kwa utulivu, akatoa kalamu, akakata moja baada ya nyingine. Rangi hapana, mabomba ya mbele ni risasi na stani, ile jamii ya solda, laini hata kucha inaacha alama, na ukiweka rangi nzito mdomoni mwa bomba sauti inabadilika na kuitoa ni kuliumiza bomba. Sauti kubwa hapana, tumetoka kutoa matofali. Tarumbeta hapana. Vitufe hapana, nitavisafisha.

Tena mbele ya Kanoni, kasisi wetu mwenye cheo! Mzee kutoka nje ya nchi, analipwa na sisi, anatukatalia! Kanoni akamwambia kwa upole, "Fundi, sisi ndio wenye kinanda." Akajibu, "Ni kweli Kanoni, na mkitaka nitafunga masanduku yangu niende, hela ya kuangalia imetosha nauli." Kimya. Nadhani ndo siku nilipoanza kumwamini. Mtu anayekataa hela yako huku viatu vyake vimeisha soli si mtu wa kawaida hapa mjini.

Tukakubaliana. Bei siwezi kuweka hadharani ila fikiria bei ya Noah iliyotumika, nzuri si nzuri sana. Kwa awamu tatu. Kuna waliosema kwa hela hiyo tungepata kibodi tano. Ni kweli. Na tungekuwa tumenunua ya sita saa hii, maana ile ya kwaya ya vijana mwaka jana radi ilipiga kwenye nguzo ikafa siku hiyo hiyo. Radi hapa Uganda si mchezo, Namirembe lenyewe, kanisa kuu, liliteketea kwa radi mwaka 1910 ndo wakajenga hili la matofali lililopo.

Kazi ilianza na akachukua chumba cha nyuma ya madhabahu kuwa karakana. Mabomba yote 422 yakatoka, na hapo ndo nilipohesabu, maana aliniambia kila bomba linalotoka niandike namba kwenye daftari na nililaze mahali pake kwenye benchi. Mabomba yamekwaruzwa herufi ya noti kwa msumari, kwa mkono wa mtu fulani wa zamani, C, D, E, na ile G yake ina mkia mrefu unaozunguka kama mtu alikuwa anajisikia raha siku hiyo. Unashika bomba dogo kabisa, sehemu inayolia haizidi kiungo kimoja cha kidole. Halafu bomba kubwa la miguu, la mbao, mita mbili na nusu hivi, tulilibeba watu wanne. Hilo limezibwa juu, na bomba likizibwa juu linanguruma kama bomba la urefu mara mbili yake, ni ujanja wa kuokoa nafasi na mbao. Yaani nilijifunza kitu kila siku na sikulipa ada.

Mbao iliyopasuka kwenye sanduku la upepo ilihitaji kubadilishwa. Nikampeleka sokoni kwa wauza mbao, akazigonga, akazinusa, akazipima mkononi, akarudisha zote. Mbichi. Muuzaji akaapa kwa jina la mama yake zimekaa mwaka mzima. Mwaka! Fundi akacheka tu. Tukarudi kanisani akaona benchi la mvule lililovunjika mguu, liko stoo tangu sijui lini, akaligonga, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje. Benchi lile ndo liko ndani ya kinanda sasa hivi. Mama mmoja wa Mothers' Union aliyekuwa analikalia utotoni anasema sasa benchi lake linaimba.

Na mabomba yaliyobonyea, kuna watoto waliwahi kuyarushia mpira, aliyanyoosha kwa vijiti vya mviringo vya mbao ngumu vinavyoingia ndani ya bomba, unaviringisha polepole mpaka bonde linapanda. Vijiti vya saizi zetu hakuwa navyo, akaenda kwa kijana anayechonga miguu ya vitanda pale mjini, akakaa naye nusu siku, wakatengeneza tisa. Yule kijana alikuja kwenye ibada ya kufungua, na si hata Mkristo, alikuja kuona vijiti vyake vilifanya nini.

Ngozi ni kondoo, nyembamba, nyeupe, aliagiza kutoka nje. Na hapa ndo malalamiko yanaanzia. Ngozi zilichelewa mpakani, na yeye akasafiri "kufuatilia" na hakurudi kwa wiki saba. Simu haishiki. Ujumbe unaona umesomwa, jibu hakuna. Kinanda chote kiko chini kwenye mabenchi, bomba zimelala kama wagonjwa wa wodi, harusi tatu zimepita na kibodi ya kuazima, na mimi ndo kila mtu ananiuliza. Wiki ya tano mzee mmoja akaniambia kwa Kiganda kitu ambacho siwezi kuandika. Fundi aliporudi alileta ngozi na samaki wa kukausha kama zawadi, akasema mama yake alikuwa mgonjwa. Sawa, pole sana, lakini baba, neno moja tu. "Nimechelewa." Herufi kumi na moja tu. Hiyo ndo nusu ya nyota niliyokata.

Nikawatuliza wazee kwa mfano wa Notre-Dame kule Paris, kanisa likaungua Aprili 2019, kinanda chao cha mabomba karibu 8,000 hakikuungua ila kilijaa vumbi la risasi kutoka kwenye paa, wakakitoa, wakakisafisha, kikarudi kupigwa Desemba 2024. Miaka mitano na zaidi. Sisi ni miezi minane. Mzee mmoja akauliza, sasa wao walimlipa fundi ambaye hapokei simu?

Haya, kutune, yaani kupatanisha sauti za mabomba. Kama mtapata nafasi ya kuona kitu kimoja tu muone hicho. Aliniweka kwenye vitufe, kazi yangu kubonyeza noti moja na kushikilia, yeye yuko ndani na vikoni vyake vya shaba vya kugongea ncha ya juu ya bomba. Kwanza alisubiri. Nikauliza tunasubiri nini. Joto. Alitaka kanisa liwe na joto la saa tano asubuhi, milango wazi kama Jumapili, sababu hewa ikipata moto mabomba yote yanapanda sauti, na kati ya asubuhi baridi na mchana wa hapa, tuseme nyuzi nane, inafika karibu robo ya nusu toni. Mabomba yanapanda pamoja kwahiyo kinanda chenyewe hakikosani, ila leteni kibodi au tarumbeta upande mwingine muone vita. Hata kulishika bomba kwa mkono hataki, anasema mkono una joto, linapanda, unalitune likiwa na homa halafu likipoa liko chini. Anatumia kitambaa.

Basi nabonyeza, mabomba mawili yanalia pamoja, unasikia wau-wau-wau-wau kwa haraka. Anagonga kidogo na koni, tik, wau... wau... wau. Tik. Waaau... waaaau. Tik, na ghafla hakuna kitu. Si kwamba sauti inaisha, mawimbi ndo yanaisha, zile sauti mbili zinakuwa moja na ukubwa wake unakuingia kifuani. Siku tatu tulifanya hivyo. Siku ya pili mchana yule mzee aliyekuwa mhudumu wa kanisa zamani akaja akakaa nyuma, macho amefumba, hakusema kitu mpaka jioni.

Mzee huyo alituokoa jambo moja. Fundi alikuta nyuma ya kinanda mpini wa mbao mrefu umekatwa, na kamba yenye kipande kidogo cha risasi kinachoning'inia karibu na alama mbili za chaki. Mzee akasema hiyo nilikuwa napampu mimi. Alikuwa mtoto, kabla kanisa halijavutiwa umeme, na hata baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954 bado walipampu kwa mkono muda mrefu. Kile kirisasi kinashuka mvukuto ukijaa na kinapanda ukiisha, kazi yako kuhakikisha hakivuki chaki ya juu. Ukilala kikavuka, kinanda kinakata roho katikati ya wimbo na mwalimu wa kwaya anakusubiri nje. Fundi akasimamisha kazi nyingine zote akatengeneza mpini mpya siku hiyo hiyo kwa mti ule ule wa benchi. Hakututoza. Nikamwambia umeme tunao siku hizi. Akasema, "Mwalimu, mnao kila siku?"

Nusu ya pili ya nyota. Kazi ya umeme. Fundi alileta mota mpya ya feni ya upepo, ile ya fezi tatu, yaani inayotumia nyaya tatu za umeme, imekaa vizuri, imewekwa kwenye sanduku lenye magodoro ya kuzuia kelele ingawa bado nikikaa kwaya ya nyuma naisikia inavuma. Lakini hakuacha alama wala maelezo ya waya. Akaondoka Ijumaa. Jumamosi fundi umeme wa kanisa akahamisha swichi kuu kwa sababu zake, akaunganisha tena, fezi mbili akazigeuza. Jumapili asubuhi, kanisa limejaa, wageni wamekuja kusikia, nawasha, mota inazunguka, nabonyeza... kinanda kinakohoa. Sauti nyembamba, inayumba, kama mtu mwenye pumu. Kumbe fezi mbili zikigeuzwa mota inazunguka kinyume, na feni ya aina ile ikizunguka kinyume bado inatoa upepo ila kidogo, kwahiyo huwezi kushtuka haraka, unadhani kinanda ndo kibovu. Watu wote wakaniangalia mimi. Kanoni akaniangalia. Yule wa vitufe vya plastiki aliniangalia kwa furaha, naapa.

Nikampigia fundi, na safari hii akashika! Akasikiliza sauti kwenye simu sekunde tano, akasema zima mota, pampu.

Vijana wawili wa Sunday school wakaenda nyuma, yule mzee akawafuata na fimbo yake akasimama karibu na kirisasi, anawaambia kwa Kisoga polepole, msikimbize, kama mnavuta maji kisimani. Kirisasi kikashuka. Nikavuta stopu mbili tu za chini, nikabonyeza. Jamani. Hiyo sauti sijawahi kuisikia ikitoka pale, haina kelele, haisukumi, inasimama tu kanisani kama mtu aliyevaa vizuri. Ibada nzima tukaenda kwa mkono, nyimbo nne, wale watoto wanabadilishana, mashati yameloa. Sasa kuna foleni ya watoto wanaotaka kupampu, tumelazimika kuandika zamu, hata umeme ukiwepo.

Kuna mtu kwenye kwaya alinikera baadaye akasema tumepoteza hela kwa kitu cha wazungu. Nikamwambia kinanda cha kwanza kabisa cha aina hii kilitengenezwa Alexandria, Misri, miaka zaidi ya 2,200 iliyopita, na hewa yake ilikandamizwa kwa uzito wa maji. Afrika hii hii. Akasema Misri si Afrika ya kwetu. Tukaachana hapo.

Kwahiyo nyota nne. Kazi yenyewe ningempa sita, na nampa zaidi kwa yale aliyoyakataa kuliko kwa yale aliyoyafanya, maana vitufe ni vile vile vya njano, vimesafishwa tu, na pale kwenye kitufe cha C ya kati kuna kashimo ka kidole ambako vidole vya watu wote waliopiga kabla yangu vimekachimba, na changu kinaingia sawasawa. Mawasiliano, nyota moja, na moja yenyewe kwa huruma. Usafi, aliacha gundi kwenye kapeti ya chumba cha nyuma, na ile harufu ya gundi ya ng'ombe ilikaa mwezi mzima, wahudumu wa altare walikuwa wanatoka wananuka mchuzi wa mifupa.

Ametuachia daftari, kila bomba na hali yake, wapi alishona, wapi aliacha kama alivyokuta na kwanini. Anarudi mara moja kwa mwaka kutune, na anataka alipwe nauli kabla. Mimi na kijana mmoja ametufundisha kuondoa noti ikikwama na kupima upepo kwa kale kamrija, mengine ametukataza hata kufikiria. Waya wa mota nimeuandika mwenyewe kwa maka pen nyekundu na mshale mkubwa wa upande wa kuzunguka, na fundi umeme amekatazwa kugusa bila mimi kuwepo.

Mkimwita, wekeni mkataba wenye tarehe, na namba ya simu ya pili, ya mke wake kama inawezekana. Na zibeni kwanza matundu ya popo darini kabla hajafika, sisi hatukuziba, akatutoza siku tatu za kufagia kinyesi kwa bei ile ile ya kutune.